Vikopo Saba vya Mkojo

Niseme jambo moja mapema ili tusipotezeane muda: sikuwa na mimba. Nililisema zahanati ya chuo, nikalisema ofisini kwa matroni, nikalisema nyumbani Susuni mbele ya wanawake watatu waliokuja kunishughulikia, na kila mahali nilitazamwa kama mtu aliyeficha ng'ombe wa wizi. Sasa nimepona. Kovu limekauka, ila hasira bado mbichi, na ninaandika nikiwa nayo hivyohivyo, kwa ajili ya msichana ambaye leo amekaa kwenye benchi la zahanati ya chuo fulani akiwa ameshika tumbo.

Chuo chetu ni tawi dogo lililofunguliwa Mugumu. Jina lake nalificha, si kwa heshima, bali kwa sababu sidhani kama kiko peke yake. Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea usimamizi wa wanyamapori. Wasichana tulikuwa wachache, tunalala bweni moja lenye geti linalofungwa saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya usalama wetu. Bweni la wavulana halikuwa na geti. Pale kila baya linaloweza kumpata msichana lilikuwa na jina moja tu, mimba, na usalama wetu wote ulikuwa ni kuzuiwa tusiipate.

Maumivu yalianza wakati wa mvua za vuli, upande wa kulia, chini ya kitovu. Yalikuja na kuondoka. Siku moja nilikuwa naandika mtihani mdogo nikashindwa kunyoosha mgongo, na Rhobi, mwenzangu wa chumba, akanishika mkono hadi zahanati.

Zahanati ni chumba kimoja na benchi la mbao nje. Mlangoni pamebandikwa karatasi ndani ya nailoni: mwanafunzi wa kike mwenye maumivu ya tumbo, kichefuchefu au kizunguzungu aanze na kipimo cha mimba. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: majibu yatapelekwa kwa matroni. Nesi hakuniuliza panauma wapi. Alisoma jina kwenye daftari langu la matibabu, akafungua droo, akanipa kikopo cha plastiki.

"Kalete."

"Sista, panauma hapa, upande huu..."

"Kalete kwanza. Maelezo baadaye."

Nikaleta. Kijiti kikatoka mstari mmoja. Maelezo aliyoyaahidi hakuyataka tena. "Basi ni yutiai," akasema, maana pale kila msichana asiye na mimba alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Akanipa vidonge vya siku saba, akaniambia ninywe maji mengi. Nilikunywa maji mpaka nikawa naota bomba.

Kikopo cha pili kilikuwa baada ya likizo ya Krismasi. Cha tatu mwishoni mwa Januari, nilipotapika darasani. Vidonge vilibadilika rangi, jibu halikubadilika. Kufikia Februari suruali zangu zote zilikataa kufunga kifungo. Uso ulikuwa unakonda, mikono inakonda, tumbo peke yake ndilo linanenepa. Hedhi ikawa inakuja inavyojisikia: mwezi huu siku kumi na mbili, mwezi ujao haipo. Nilianza kuvaa dera. Msichana wa chuo akianza kuvaa dera, watu hawahitaji kijiti.

Mwezi Machi chuo kiliandaa semina ya afya na usalama wa mwanafunzi wa kike. Tulipewa fulana za waridi zilizoandikwa "Jitambue". Mgeni rasmi, mama mmoja mwenye sauti nzuri, alizungumza saa nzima kuhusu mavazi, wachimbaji wa dhahabu wenye pesa, waendesha bodaboda wenye maneno matamu, na namna ya kusema hapana. Kuhusu mwili wenyewe, unavyougua, hakusema hata neno. Wakati wa maswali nilinyoosha mkono. Nikasema nina maumivu ya tumbo tangu Novemba, nimetibiwa yutiai mara tatu, tumbo linakua, nifanye nini?

Yule mama alinitazama kuanzia kichwani, akaishia kwenye dera. Akatabasamu.

"Binti, tumbo hilo lina mwenyewe. Mtafute mwenyewe."

Ukumbi ukacheka. Walimu wakacheka. Hata wasichana waliokaa mstari wangu walicheka, na nawajua kwa majina. Tangu siku hiyo niliitwa Mama Kijacho, na hakuna aliyefikiri ni tusi. Rhobi alitaka kuwapiga watu wawili kantini. Nilimzuia, na leo najuta.

Kikopo cha nne, cha tano. Cha sita kilikuwa cha aibu kuliko vyote, na nakiandika ingawa mkono hautaki. Matroni alikuja mwenyewe zahanati. Alikuwa mama mtu mzima, mcha Mungu, anayetuita wanangu. Akasema wasichana wa siku hizi tunapeana mikojo, anayeogopa majibu anapewa mkojo na rafiki. Kwa hiyo safari hii nitakojoa mlango ukiwa wazi na yeye akiwa amesimama pale. Nilimwambia, "Mama, shikamoo, lakini hili siliwezi." Akaniambia asiye na kosa haoni aibu. Nilikojoa. Kijiti kikatoka mstari mmoja. Alikitazama kwa muda mrefu, akamwambia nesi labda vijiti vimeisha muda wake.

Sasa jiulizeni. Mwanamke mwenye miaka hamsini na nesi mwenye cheti wanaona tumbo limefura na kijiti kinasema hakuna mtoto. Hawakujiuliza basi mna nini humo ndani. Walijiuliza nimedanganyaje.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa askari wa wanyamapori. Ilikuwa Juni, nyumbu wamejaa upande wa geti la Ikoma la hifadhi ya Serengeti, tukapelekwa kwa mafunzo ya vitendo. Askari aliyetupokea alikuwa mzee wa Kiikoma, mfupi, anayesema polepole. Alisimamisha gari, akatuonyesha pundamilia jike aliyebaki nyuma ya wenzake.

"Yule mnamwonaje?"

"Ana mimba," darasa likajibu, na mmoja akaongeza, "kama Mama Kijacho." Wakacheka.

Mzee hakucheka. "Mwenye mimba hatembei vile. Angalieni tumbo limelalia upande mmoja, angalieni anavyokanyaga kwa kuogopa. Yule ni mgonjwa. Na nyie ndio mtakuja kulinda wanyama?"

Tuliposhuka kula, alinifuata nikiwa nimeegemea tairi. "Binti, nimekutazama unashuka garini. Unaumwa wewe. Umelikunja tumbo upande wa kulia kama mtu anayebeba yai. Nenda hospitali kubwa, usingoje." Sikuchukia kulinganishwa na pundamilia. Pundamilia alikuwa ametazamwa, mimi nilikuwa sijatazamwa tangu Novemba.

Kikopo cha saba nilipewa wiki ileile, niliporudi kuomba barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Bila barua geti la chuo halifunguki siku za masomo. Barua niliyopewa ilikuwa nyingine: naahirisha masomo mwaka mmoja kwa sababu za kifamilia, nirudi nyumbani nikatulie. Sababu za kifamilia! Nikasoma mara mbili nikiwa nimesimama. Matroni akasema wamenistahi kwa kutoandika sababu yenyewe. Kisha akaniambia, kama mtu anayenipa zawadi, kwamba ameshampigia shangazi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na inabidi nieleze kwa nini.

Mimi ni Mkurya wa Susuni. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, Desemba moja ya msimu wa kukeketa, nilikimbilia nyumba salama, kituo kinachowahifadhi wasichana wanaokwepa kisu. Nilirudi nyumbani Januari, mzima. Tangu hapo kwa ndugu zangu mimi ni msagane, msichana asiyekeketwa, na shangazi Bhoke, dada mkubwa wa baba, hakuacha kunikumbusha. Msagane akiwa shuleni wanamvumilia. Lakini msagane akipata mimba, wale wanaoshika mambo ya zamani husema ataleta mkosi kwenye boma lote, na kwamba lazima akatwe kabla hajazaa. Kwa mimba hawangoji Desemba.

Shangazi Bhoke ana duka Nyamongo, na ana simu inayopatikana muda wote. Kule kwetu mtandao unashika ukipanda kichuguu. Kwa hiyo siku ya kujiandikisha chuo, penye mtu wa kuwasiliana naye, niliandika namba yake. Hilo lilikuwa kosa langu. Lakini fomu ilisema namba itatumika kwa dharura tu, na mimi nilidhani dharura ni ya kwangu.

Nilifika Susuni Jumamosi adhuhuri. Shangazi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha wageni, na wanawake wawili nisiowajua walikuwa kwenye mkeka. Baba alikuwa nje anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. "Mimba ya miezi mingapi?"

"Sina mimba."

"We mtoto! Chuo kizima kinasema, matroni wenu amenipigia, macho yangu yanaona. Ulikimbia ukiwa mtoto, tukanyamaza. Sasa unataka kuzalia usagane ndani ya boma la kaka yangu? Hapana. Hawa mama wamekuja kukusaidia. Ni dakika chache."

Nilimwita baba. Nilimwita kwa sauti, mara tatu. Aliacha kuchonga, akasema bila kuinua uso, "Hayo ni mambo ya wanawake." Akaendelea na mpini wake. Nimesikia wanaume wengi wakilisema neno hilo kana kwamba ni adabu.

Mama yangu alikuwa jikoni anasonga ugali. Ni mwanamke mpole, asiyewahi kubishana na wifi yake tangu aolewe. Alitoka na mwiko mkononi, akapiga goti mbele ya shangazi kama anavyofanya siku zote, akasema kwa upole uleule, "Wifi, umesema vyema. Lakini huyu katoka safari, hajala, damu yake imepungua. Akianguka mikononi mwenu, polisi watauliza nani. Niachieni siku tatu nimlishe. Jumanne mje."

Shangazi alifikiri. Neno polisi nadhani ndilo lililomsaidia kufikiri. Wakaondoka.

Mama alifunga mlango, akatandika kanga chini jikoni. "Lala." Nikalala. Akakaa kando yangu, akaweka kiganja juu ya tumbo langu, kiganja chenye joto la mwiko na harufu ya moshi. Akabonyeza kidogo, akangoja. Akahamisha mkono, akangoja tena. Nilikuwa nimebeba tumbo lile miezi minane, na huo ulikuwa mkono wa kwanza kuligusa.

"Hachezi," akasema.

"Mama, nimekwambia..."

"Nimebeba watoto sita. Mtoto ana mahali pa laini na mahali pagumu, na ukimbonyeza anakujibu. Hiki kitu ni kama kibuyu. Humu hamna mtu, Ghati." Nikaanza kulia. Akanifuta kwa ncha ya kanga, kisha akasema jambo ambalo nalishika mpaka leo. "Hata angekuwepo mtu, wasingekugusa. Mimi walinikata, najua."

Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani tulipakizana kwenye bodaboda, mimi katikati, mama nyuma amenikumbatia, hadi hospitali mjini Tarime. Kila shimo la barabara nililijua kwa jina. Tulikaa mapokezi tangu saa tatu hadi saa saba. Mama alimenya karanga akazirudisha kwenye mfuko bila kula. Daktari, kijana, alinilaza kitandani, akanishika tumbo, na uso wake ukabadilika. Sikuombwa mkojo kwanza. Alinipeleka kwenye utrasaundi mwenyewe.

"Nani alikwambia hii ni mimba?" akauliza.

Mama akajibu, "Wote."

Ulikuwa uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai cha kulia, mkubwa kama tikiti, umeanza kujisokota na kujikatia njia ya damu. Gari la wagonjwa likatupeleka Mwanza jioni ileile. Nilipoamka kesho yake nilikuwa na mshono kutoka kitovuni kushuka chini, mpira wa mkojo, na kiu ambayo sijawahi kuipata. Kifuko cha kulia kilikuwa kimeoza, wamekitoa. Daktari mpasuaji, mama wa makamo, alikaa kitandani kwangu akaniambia ukweli wote bila kunipaka mafuta. Kimebaki kimoja. Kinafanya kazi. Ningekuja mwanzoni, mwezi wa kwanza au wa pili, pengine wangetoa uvimbe peke yake na kifuko kikabaki.

Wiki za kungoja majibu ya maabara, kama ni saratani au la, ndizo zilizonizeesha. Siku nilizihesabu kwa kubadilishwa bandeji. Nilijifunza kukohoa nikiwa nimekumbatia mto, kuinuka kwa ubavu, kutocheka. Hilo la kutocheka lilikuwa gumu, kwa sababu kitanda cha jirani alilala mama wa Ukerewe aliyemsimulia kila nesi visa vya mume wake. Aligawana nami uji wa ulezi kila asubuhi mama yangu alipochelewa kwenye foleni ya dawa. Rhobi alinitumia picha za madaftari yake yote, ukurasa kwa ukurasa, na katikati akaweka picha ya ile karatasi ya mlangoni akiwa ameichorea pembe na mkia. Majibu yalikuja mapema Agosti. Haikuwa saratani. Mama aliimba wodini mpaka akaambiwa apunguze sauti.

Tuliporudi Susuni baba alichinja jogoo, akalala mapema. Sijamsamehe kabisa, lakini jogoo wake nilimla. Shangazi Bhoke alituma kitenge na salamu kwamba kosa ni la yule matroni aliyempigia simu. Kitenge hicho bado kimekunjwa.

Nimekuwa nikirudia kwamba sikuwa na mimba, nikagundua kwamba kwa kurudia hivyo nakubaliana nao. Kana kwamba ningekuwa nayo, ingekuwa halali kucheka ukumbini, halali mlango kuwa wazi, halali simu, halali kisu. Msichana mwenye mimba naye ana tumbo, naye linaweza kuuma, naye anastahili kushikwa kwa mkono na kuulizwa panauma wapi. Kwa hiyo dada, ukifika zahanati na ukapewa kikopo, kipokee ukitaka, kipimo chenyewe hakina ubaya, lakini usiondoke pale mpaka mtu akushike tumbo. Piga kelele. Keti chini sakafuni. Na namba ya dharura andika ya mtu anayekupenda, hata kama ni lazima apande kichuguu.

Nilirudi chuoni Novemba, baada ya barua ya hospitali ya Mwanza kuwalazimu kufuta ile ya kuahirisha masomo. Nilipeleka daftari langu ofisi ya mkuu: mara saba limeandikwa hana mimba, mara saba yutiai, na hakuna mahali limeandikwa tumbo limevimba. Walisema watalifanyia kazi. Matroni akaniomba nitoe ushuhuda kwenye semina ya Machi, ila nisiguse mambo ya zahanati. Nilimwambia nitazungumza zahanati kwenyewe.

Siku mbili baadaye nilipita pale nikamkuta msichana wa mwaka wa kwanza, mtoto wa kijiji cha Nata, amejikunja kwenye benchi huku ameshika kikopo. Karatasi bado ilikuwa mlangoni. Nilimshika mkono tukaingia pamoja.

"Sista, shikamoo. Kabla ya kikopo, mshike tumbo."

Nesi alinitazama. Alinijua. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kukaa sakafuni. Lakini aliinuka, akanawa mikono, akavuta pazia.

"Lala hapo, binti. Nionyeshe panapouma."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi, nikatazama saa ya simu. Nesi alimwambia atamwandikia barua ya hospitali, kisha pazia likafunguliwa. Nikatazama saa tena. Zilikuwa zimepita dakika mbili. Nikalia pale kwa hasira, mkono wangu ukiwa juu ya kovu, kwa sababu ni dakika mbili tu walizoninyima tangu Novemba hadi Juni.